Tao la Jirani wa Kwanza

Hannover, 9 Machi 1987

Mama mpendwa,

Natumaini uvimbe wa goti umepungua, na kwamba ile dawa ya kuchua unaipaka badala ya kuitazama tu juu ya kabati. Sisi hatujambo. Konrad anakusalimu, na anauliza kama itambidi ajifunze lugha ya Hesterloo ili apewe supu siku ya harusi yake.

Nimekwisha kuamua mambo yote ya tarehe 30 Mei. Gauni litakuwa la hariri ya rangi ya kijivu, bila shela. Nina miaka thelathini na mmoja, na sioni sababu ya kujifunika uso mbele ya mtu anayeniona kila asubuhi nikipiga mswaki. Kanisani tutaingia wawili, mimi na Konrad, kwa kuwa Baba hayupo na sitaki mtu mwingine aushike mkono uliokuwa wake. Supu iwe ya kuku, yenye vipande vya yai, kama unavyoipika wewe. Keki ya siagi tafadhali usioke. Tuliila mazishini, na sitaki harufu ile siku hiyo.

Limebaki tao la mlangoni, na hapa naomba unisome polepole. Desturi naijua. Jirani wa kwanza hukata matawi ya msonobari, majirani hukusanyika ghalani kwake jioni, wanawake wakikunja waridi za karatasi na wanaume wakinywa zaidi ya wanavyosuka. Kisha yeye mwenyewe huleta tao na kulifunga mlangoni mwa bibi harusi kwa mkono wake. Najua pia kwamba jirani wetu wa kwanza ni nyumba ya mkabala, na kwamba nyumba ya mkabala ni ya Hindrik Lambers.

Jirani wa kwanza ana kazi mbili kubwa kwetu: kutufungia tao tunapooana na kutubeba tunapokufa. Lambers aliikataa ya pili, kwa sababu ya mtaro na miti michache iliyoota kando yake. Novemba ile, sasa ni miaka mitatu, Baba alibebwa na watu wa kukodiwa kutoka mjini, wenye glavu za kijivu, ambao walilazimika kuniuliza mimi kaburi liko upande gani. Tulipopita mbele ya nyumba ya Lambers, pazia la jikoni lilitikisika. Basi. Huo ndio uliokuwa mchango wake.

Haki na wajibu vilivyozaliwa na desturi moja havitenganishwi kwa kupenda kwa mtu. Aliyelikataa jeneza hana tao. Agiza tao dukani kwa muuza maua, na umwambie Lambers kwamba hahitajiki. Kama huwezi kumwambia, nitamwambia mimi.

Binti yako akupendaye,
Aleida


Hesterloo, 14 Machi 1987

Aleida mwanangu,

Barua yako nimeipata, goti liko vile vile. Kijivu si rangi ya kuolewa, lakini wewe tangu mdogo ukishasema umesema. Supu nitapika. Vitambaa vya meza nimeshavitoa sandukuni, viwili vina doa la kutu, nimeviloweka kwenye maziwa.

Sasa hilo la tao. Mwanangu, tao si lako. Gauni ni lako, bwana ni wako, tao ni la majirani. Juzi nilikuwa kwa mwoka mikate, Fenna Lambers akanijia mbele ya watu wote: "Berendina, binti yako anataka waridi nyeupe au nyekundu?" Ningemjibu nini? Nikasema bado unafikiri. Mwoka mikate naye akadakia, "Huyo akifikiri sana ataolewa na kitabu!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Unaona mambo yalivyo. Wameshaanza kununua karatasi. Ukiwazuia, hakuna nyumba hata moja upande ule wa barabara itakayonisalimia, na ni mimi nitakayebaki hapa, si wewe. Na nikifa nani atanibeba?

Habari ya mazishi tusiifukue. Baba yako analala vizuri. Lambers hakuja, nilikwambia siku ile, na sina la kuongeza. Waache wafunge tao lao, upite chini yake, iishe. Ni matawi tu.

Na keki ya siagi watu wataiulizia.

Mama yako,
Berendina


Hannover, 19 Machi 1987

Bwana Lambers,

Nakuandikia kwa niaba yangu na kwa niaba ya marehemu baba yangu, Gerrit Wolterink, ambaye hawezi tena kusema nawe.

Nasikia kwamba wewe na mkeo mmeanza maandalizi ya tao la harusi yangu. Nakutaka uyasimamishe. Sitaki tao lako, matawi yako wala waridi zenu. Tarehe 30 Mei, na siku zote kabla ya hapo, nakukataza kukanyaga ua wa nyumba yetu kwa sababu yoyote inayohusu harusi hii.

Sababu unaijua. Ulikuwa na siku moja tu ya kuonyesha kama wewe ni jirani wa kwanza au ni mtu anayekaa mkabala, nawe ulichagua kukaa. Ugomvi wa mtaro ulikuwa kati ya watu wawili walio hai. Mmoja wao alipokufa, ugomvi ulipaswa kumalizika pale pale. Wewe uliuendeleza dhidi ya maiti, ambaye hakuwa na namna ya kukujibu.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kuendesha baiskeli, ukikimbia nyuma yangu na kushika kiti hadi kwenye daraja. Nilikuita Ami tangu nilipojua kusema. Neno hilo nalichukua.

Aleida Wolterink


Hesterloo, 23 Machi 1987

Aleida,

Nimesoma. Sitakanyaga.

H. Lambers


Hesterloo, 25 Machi 1987

Wewe Aleida,

Hindrik yuko kwa ng'ombe na hajui kwamba naandika. Akijua atakasirika, na akasirike. Mimi nimeshachoka kuishi na hasira za watu wanaonyamaza.

Barua yako ameisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, akaenda kuzitoa karatasi za waridi mezani na kuzirudisha dukani. Mwenye duka akamwambia, "Vipi Lambers, binti amekimbiwa?" Mwanaume wa miaka sitini na minane amebeba karatasi nyekundu kwapani katikati ya kijiji. Hayo ndiyo uliyoyafanya, mwanasheria mkubwa.

Hivi huko mahakamani kwenu mnahukumu mtu bila kumsikiliza? Au ni sisi wa mashambani tu tunaohukumiwa hivyo?

Sikiliza basi. Msiba huku hauonwi, huambiwa. Umezaliwa hapa, unalijua hilo. Mwenye msiba huvuka barabara, hubisha mlango wa mbele wa jirani wa kwanza, akasema kwa mdomo wake: amefariki. Hapo ndipo jirani anapopata ruhusa. Husimamisha saa ya nyumba, hufunga madirisha, huzunguka nyumba kwa nyumba, huchagua wabebaji. Baada ya mazishi mwenye msiba huvuka tena kumwambia yamekwisha, naye huja kuiwasha saa. Kabla ya kuambiwa hana haki hata ya kuvua kofia uani kwenu. Akijipeleka, amewanyang'anya maiti wao. Na kama mmegombana ndiyo zaidi.

Hakuna aliyevuka, Aleida.

Tuliliona gari la daktari. Tuliona mapazia yenu yamefungwa. Hindrik akaoga mchana, akavaa suti nyeusi, akaketi jikoni akiutazama mlango. Nikamwambia, "Nenda, mtu wewe! Gerrit amekufa, hata paka anajua." Akasema, "Sijaambiwa." Akaivua akakamue ng'ombe, akaivaa tena. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu tulisikia kengele ya kanisa, na gari la watu wa mjini likapita. Kama uliliona pazia letu likitikisika, ni mimi. Yeye alikuwa bado kitini, amejifunika uso kwa mikono.

Wewe ulidhani mama yako alikuja kwetu. Kijiji kizima kilidhani hivyo, na Hindrik hakumsahihisha mtu yeyote. Alisema akieleza atakuwa anamvua mjane nguo barabarani. Basi watu wakamwita mtu asiyebeba maiti, akameza. Wamemwita hivyo tangu siku ile, na mimi nikiwa kando yake namkandia mkate.

Sasa umemwita hivyo na wewe. Ameze na hili?

Fenna Lambers


Hannover, 28 Machi 1987

Mama,

Nina swali moja, na naomba lijibiwe kabla ya jambo lolote linalohusu vitambaa vya meza.

Baba alipofariki, je, ulivuka barabara kwenda kumwambia Hindrik Lambers? Jibu ni ndiyo au siyo. Sihitaji kujua hali ya hewa ya siku ile, wala hali ya mtaro, wala Fenna alisema nini kwa mwoka mikate.

Kama jibu ni ndiyo, Fenna Lambers amenidanganya, na nitamwandikia kumwambia hivyo. Kama ni siyo, basi uliniacha nimchukie mtu asiye na hatia, ukajua nitamwandikia, na hata katika barua yako ya mwisho ukapanga maneno kwa uangalifu mkubwa: "Lambers hakuja, nilikwambia siku ile, na sina la kuongeza." Kazi yangu ni kusoma maneno ya watu wanaosema kweli ili wasieleweke. Sikutegemea kuyasoma kwa mwandiko wako.

Aleida


Hesterloo, 2 Aprili 1987

Aleida,

Siyo. Haya, umepata neno lako. Liweke kwenye faili.

Sasa utasoma na mengine, hata kama huyataki. Baba yako alikuwa chumbani anapoa, mkono wake bado niko nao, na mimi niuache, nivae koti, niende kubisha mlango wa mtu aliyemwita mwizi wa ardhi mbele ya wazee wa kanisa? Mtu aliyeikata miti yetu asubuhi ya Jumapili, sisi tukiwa ibadani? Nimpigie magoti nikiwa mjane wa saa moja? Alikuwa na macho! Mapazia yalikuwa yamefungwa! Kati ya mlango wake na wangu hakuna hata umbali wa kutupa kiatu, na mimi ndiye niliyefiwa. Nilimsubiri. Nilikaa nikisikiliza hatua zake kwenye kokoto. Nilisema moyoni, kama ni mtu, atakuja. Hakuja. Nikapiga simu mjini.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulishuka kwenye treni siku ya mwisho na mkoba wako wa ngozi, ukauliza, "Mama, hawa watu wa glavu ni akina nani?" Nilipaswa kukujibu nini nikiwa nimesimama karibu na jeneza? Nilikwambia Lambers hakuja. Je, alikuja? Hakuja. Sijakudanganya, na usiniandikie tena kama jaji.

Tao la duka nimeshaliagiza, kama ulivyotaka. Ukiwaleta akina Lambers mlangoni kwangu, siku hiyo nitatokea mlango wa nyuma.

Mama yako


Hannover, 6 Aprili 1987

Bwana Lambers,

Barua yangu ya tarehe 19 Machi ilijengwa juu ya jambo ambalo sikulichunguza. Naifuta yote, pamoja na marufuku iliyomo, na ninakuomba radhi. Kwa kazi ninayoifanya, kosa hili halina udhuru: nilimwamini shahidi mmoja kwa sababu tu alikuwa mama yangu.

Bado nina hasira, na si haki kukuficha hilo. Nyinyi wawili, wewe na mama yangu, mlikaa kila mmoja nyuma ya mlango wake mkisubiriana, na kati yenu alilala baba yangu. Yeye peke yake ndiye hakuwa na muda wa kusubiri.

Hata hivyo nakuomba, kama jirani wetu wa kwanza, utufungie tao tarehe 30 Mei. Waridi ziwe rangi yoyote atakayoichagua Bi Fenna. Tafadhali nijulishe kama unakubali.

Aleida Wolterink


Hesterloo, 10 Aprili 1987

Aleida,

Barua imefika. Marufuku inaweza kuja kwa posta. Mimi nilikuwa nje ya ua wenu, ikanikuta nje, nikabaki huko.

Ombi haliji kwa posta. Nadhani ulivyomwuliza mama yako swali ndivyo ulivyoniomba mimi, kwa stempu.

Mlango wangu wa mbele haujabishwa na mtu wa kwenu tangu kabla ya Novemba ile. Bawaba zilikuwa na kutu. Nimezitia mafuta.

H. Lambers


Hesterloo, 22 Aprili 1987

Aleida,

Nilikuona. Jumamosi kabla ya Pasaka uliacha gari kanisani, ukapita kwa miguu mbele ya mlango wa nyumba ulimozaliwa bila kugeuza shingo, ukabisha kwa Lambers. Nilikuwa nyuma ya pazia, na sikuwa peke yangu. Barabara nzima ilikuwa nyuma ya pazia. Alifungua mwenyewe. Ulisema neno, akavua kofia. Ukasema neno la pili, akaivaa. La pili nililijua, ni harusi. La kwanza lilinisumbua Pasaka yote, kanisani sikuisikia hata mahubiri. Kisha ukaondoka. Hata kikombe cha kahawa kwa mama yako hukunywa. Asante. Nimekuzaa ili nikutazame kupitia dirishani.

Jana akabisha hodi. Mlango wa mbele. Amevaa ile suti nyeusi, imembana tumboni. Nikamwambia, "Hindrik, Pasaka imekwisha, umepotea njia?"

"Berendina," akasema, "nimeambiwa."

"Umeambiwa nini?"

"Kwamba Gerrit amefariki."

Hilo ndilo ulilolitanguliza! Miaka yote hiyo, baba yako ana jiwe na nyasi juu yake, wewe unakwenda kubisha kwa watu na kusema amefariki, kama vile ametoka kukata roho sasa hivi. Ulichukua neno lililokuwa langu. Hata kama sikulisema, lilikuwa langu.

Nilimwambia atoke. Akasema, "Sema yote kwanza." Nikasema yote. Miti, mtaro, mwizi wa ardhi, glavu za kijivu, nilimwita majina ambayo sitayaandika kwenye karatasi inayopita mikononi mwa posta. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Alisimama kwenye mkeka wa mlangoni, kofia mkononi, hakujitetea hata kwa kukohoa. Laiti angejitetea. Nilipoishiwa akanipita, akaingia sebuleni na viatu vyake, akafungua kioo cha saa ya baba yako, akalishika lile duara la shaba linalobembea kwa vidole viwili mpaka likatulia. Akafunga madirisha. Akatoka akaanza nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimesikia kwa Fenna, aliyepayukia uani kwake ili nisikie, kwamba anawaambia watu mambo mawili kwa mpango ule ule wa kwako, msiba kwanza, kisha harusi.

Kwa hiyo nakujulisha. Tao la duka nimelighairi. Usinishukuru, nimefanya hivyo kwa sababu mlango hauwezi kuwa na matao mawili. Fenna aliuliza tena waridi nyeupe au nyekundu, nikamjibu nyeupe, kupitia dirishani, na hiyo ndiyo sentensi yote niliyompa. Keki ya siagi nitaoka. Umeuingiza msiba ndani ya harusi yako mwenyewe, basi utakula keki yake. Konrad mwambie asivae tai ya kijani.

Sijakusamehe. Yeye pia sijamsamehe, na nadhani naye hajanisamehe, alivyonitazama.

Lakini saa imesimama. Sauti yake niliizoea, sikujua kama ilikuwa inasikika mpaka ilipokoma, na sasa nyumba nzima inanisikiliza mimi. Ningeweza kuiwasha mwenyewe, kidole kimoja kinatosha. Si kazi yangu. Aliyeisimamisha ndiye huiwasha, naye haji mpaka mwenye msiba avuke kumwambia yamekwisha.

Tangu asubuhi nimevaa koti na viatu vya kutokea, nimeketi jikoni. Sijui ni saa ngapi.

Mama yako,
Berendina